Mjadala: Mbeere ipiganie kaunti yake, au fungu lake ndani ya Embu?

Hoja hii huibuka kila msimu wa siasa. Wanaotaka Mbeere, ambayo leo ni sehemu ya Kaunti ya Embu nchini Kenya, iwe kaunti wanasema tulikuwa wilaya kamili tangu 1996, makao makuu yetu yakiwa Siakago, kisha ugatuzi ukaturudisha chini ya Embu. Wanaopinga wanajibu kwamba sisi ni wachache, hatuwezi kujitegemea.

Hilo la uchache silikubali hata kidogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 272,357 Mbeere Kaskazini na Kusini kwa pamoja. Isiolo ina 268,002 na Lamu 143,920, na zote mbili ni kaunti. Anayesema hatutoshi atafute sababu nyingine.

Hata hivyo siungi mkono kaunti ya 48, na naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunivamia. Kaunti 47 zimetajwa ndani ya Katiba yenyewe. Kuongeza moja ni kugusa muundo wa ugatuzi, na hilo linataka kura ya maoni ya nchi nzima. Nani wa Kisii au Mombasa ataamka alfajiri apange foleni kwa ajili ya Mbeere? Na wenzetu wa Kuria, Teso na Mlima Elgon, ambao nao walikuwa na wilaya zao, watadai haki ileile siku hiyohiyo. Tutasubiri miaka mingapi, huku mama wa Kiambere akinunua maji kwa mtungi?

Hapo Kiambere ndipo uchungu wangu ulipo. Mto Tana, mpakani mwetu, una mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma linazalisha umeme tangu 1968. Taa za Nairobi zinawaka, na ndengu zetu zinakauka shambani mvua ya Novemba ikikatika mapema!

Jina la kaunti halitayapandisha maji yale hadi kwenye mashamba. Bajeti ndiyo itakayoyapandisha, na bajeti hupitishwa na bunge la kaunti. Embu ina wadi 20. Manyatta na Runyenjes, majimbo mawili ya Embu yaliyo nje ya Mbeere, yana 6 kila moja, Mbeere yote ina 8. Yaani tuna karibu asilimia 45 ya watu na asilimia 40 ya wadi. Tena magavana wote wawili waliochaguliwa tangu 2013, Wambora na Mbarire, waliwahi kuwa wabunge wa Runyenjes. Nguvu zetu ziende huko: IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, ikipitia mipaka tufike na hesabu zetu mkononi, na sheria ya kaunti igawe fedha za maendeleo kwa idadi ya watu na ukali wa ukame, isiwe hisani ya gavana. Mswada wa kugawana mapato ya maliasili nao umezungushwa Bungeni miaka na miaka. Wabunge wetu wawili waulizwe wameufanyia nini.

Kuna jambo ambalo wapigania kaunti huliruka. Katika wadi za Mwea na Makima, huku kwetu Mbeere Kusini, hawaishi Wambeere peke yao. Wamo Wakamba, Waembu na Wakikuyu, na mzozo wa ardhi ya skimu ya Mwea umewachosha wote. Kaunti yenye jina la jamii moja itawaweka wapi? Walioko Makima naomba wajibu kwanza, kabla ya sisi wa Siakago.