Naomba ushauri: kuigeuza Mazda RX-Vision kuwa gari la mbio za saa 24

Ndugu wanajamvi, habari za leo. Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikiichora, kwanza kwa penseli na baadaye kwa kompyuta, Mazda RX-Vision, lile gari la maonyesho lililozinduliwa Tokyo mwaka 2015, nikijaribu kulipa umbo la kushindana Le Mans, mbio za magari za saa 24 huko Ufaransa. Kinachonisukuma ni mapenzi yangu kwa Mazda 787B, iliyoshinda mbio hizo mwaka 1991 kwa injini ya rota nne (vipande vya pembetatu vinavyozunguka), isiyo na pistoni hata moja.

Nimekwama kwenye joto. Injini ya rota hutoa moshi wa moto mno, nayo boneti ya RX-Vision ni ndefu na laini. Nikiitoboa matundu ya hewa, ule mkunjo unaopanda juu ya gurudumu la mbele, ambao kwangu ndio uzuri wote wa gari hili, unakatika. Je, hewa ya moto niitoe juu ya boneti, au ubavuni, nyuma ya tairi la mbele? Vilevile, taa zake ni nyembamba, ilhali madereva hukimbia usiku kucha: niongeze taa wapi? Naombeni maoni, hasa ya mafundi na wachoraji.