Beji tumekata sisi mpaka saa nane usiku, kazi kapata yeye

Jamani, leo sina adabu ya kuwapa. Nimeyameza haya tangu mkutano wa teknolojia uishe, yamegoma kushuka.

Mnaokaa Lubumbashi mnaujua umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa letu la Kongo. Kwetu Katuba mchana hakuna kitu, ukirudi ni saa sita ya usiku. Basi programu ya kuandikisha washiriki nimeiandika usiku, miezi mitatu, nikikimbizana na chaji ya kompyuta. (Ule umeme uliovutwa kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ulivutwa kwa ajili ya migodi, si kwa ajili ya mama yangu na pasi yake.) Usiku wa mwisho tulikuwa watu wanne sebuleni tunakata beji kwa mkasi mmoja, sahani ya bukari na sombe imepoa pembeni.

Prezida, ndivyo tunavyomwita mkuu wa kamati, alituahidi: "Wadogo zangu, pesa hakuna, lakini mtapata barua ya ushuhuda na mtakutana na waajiri." Tukakubali. Nani hapa mjini anakataa mlango?

Asubuhi intaneti ikakatika mlangoni, foleni imefika barabarani. Nilikuwa nimeshaweka orodha nzima ndani ya simu, misimbo ya QR ikasomeka bila mtandao. Bwana mmoja wa kampuni ya migodi akasimama kuangalia, akauliza nani katengeneza. Prezida akajibu, "Ni timu yangu," akamshika mkono wakaingia ndani. Mimi nikabaki na foleni.

Wageni wa Kinshasa wamelipiwa ndege na hoteli. Sawa, barabara ya kuwaleta iko wapi? Lakini dada yetu wa hapa hapa, aliyefundisha saa mbili nzima, kaambiwa ajilipie teksi. Mafuta ya jenereta nimetoa mimi, faranga 40,000, hazijarudi mpaka leo.

Sasa sikieni. Wiki mbili baadaye kampuni ile imempa Prezida kazi ya kuwawekea mfumo wa mahudhurio. Mfumo gani? Ule ule. Hata kosa langu la tahajia kwenye kitufe hajalirekebisha!

Mimi nimeitwa kwenye usaili mahali pengine, nikasema nimeshiriki kuandaa mkutano. Wakafungua ukurasa wa mkutano mbele yangu. Picha za wasemaji zipo, za wafadhili zipo, jina langu hakuna. Barua ya ushuhuda hakuna. Nilichonacho ni cheti cha ushiriki, sawa na cha yule aliyekuja saa ya kula kuku akaondoka.

Nataka majina yetu yawekwe, barua zetu, na faranga zangu. Sijaomba kiti cha mbele.

Juzi saa nne usiku kaniandikia: "Mdogo wangu, mwaka huu tena tuko pamoja? Ile programu bado unayo?"

Ninayo, mkubwa wangu. Na nenosiri nimebadilisha.