Naomba ushauri: notisi ya kubomoa chumba nilichokikuta

Habari zenu wakuu. Nyumba hii niliinunua miaka sita iliyopita, chumba cha nyuma kikiwa tayari kimejengwa. Juzi nimebandikiwa notisi: nibomoe ndani ya siku 30, kwa sababu kiliongezwa bila kibali na kimekula nafasi inayotakiwa kuachwa hadi mpaka wa jirani. Aliyeniuzia hapokei simu. Wakati ule nilikagua hati ya umiliki tu, vibali vya ujenzi sikuuliza. Uzembe wangu, nakubali.

Fundi ananiambia ninyamaze, watasahau. Simwamini.

Je, nikate rufaa kwanza, niombe kibali sasa hivi japo nimechelewa, au nikimbilie mahakamani kuomba zuio la muda kabla siku hazijaisha? Na ripoti ya mhandisi kwamba jengo ni imara itanisaidia nini, ikiwa kosa lenyewe ni umbali? Muuzaji naye, naweza kumdai fidia?