Naomba ushauri: sensa za maji zinatusumbua kwenye meza ya mazoezi

Habari zenu ndugu. Nafundisha umeme kwenye shule ya ufundi hapa Lubumbashi, na wanafunzi wangu wengi wanalenga kazi kwenye viwanda vya shaba. Tumejitengenezea meza ya mazoezi: matangi mawili ya plastiki, pampu ya volti 12, relei (swichi inayowashwa kwa umeme), Arduino (kompyuta ndogo inayosoma sensa na kuendesha relei), sensa ya mtiririko YF-S201, na sensa HC-SR04 juu ya tangi ya kupima kina kwa mwangwi wa sauti.

Mtiririko ndio unanichosha. Sensa ile ina gurudumu dogo lenye sumaku, na hutoa mapigo ya umeme kama 450 kwa lita. Tukipitisha bidoni ya lita 20 tunategemea mapigo 9,000, lakini tunapata 7,600 hivi, na pampu ikipunguza kasi hesabu inazidi kupotea. Ni kwa sababu maji machache hayazungushi gurudumu vizuri, au kuna hewa kwenye mpira wa maji?

Kina nacho kinarukaruka maji yakimwagika kutoka juu. Nawaza kusimamisha bomba la PVC ndani ya tangi ili maji yatulie humo. Aliyejaribu aniambie kipenyo, maana naogopa mwangwi utagonga kuta za bomba.

Halafu relei ikishika, Arduino inajizima na kuanza upya. Betri ni moja kwa vyote. Diodi (ya kuzuia mshtuko wa umeme pampu inapozimwa) nimeshaweka kwenye pampu. Nitenganishe umeme?

Mliofanya kazi viwandani: nijinyime ninunue hata sensa moja ya shinikizo ya viwandani, inayotuma kipimo kwa mkondo wa miliampea 4 hadi 20? Sitaki vijana hawa waione kwa mara ya kwanza siku ya kuanza kazi.