Kaseti za VHS za familia: DVD ao diski ngumu? Na juu ya nini harusi imetoka bila rangi?

Mwana_wa_Katindo (Goma)

Wandugu, salamu kwenu wote. Naomba benye kujua mambo ya video munisaidie juu hii mambo inaniumiza roho. Marehemu papa alituachia kaseti 22 za VHS, zote E-180, yaani za saa 3, ndani mko harusi yake na mama ya 1991, mahari ya shangazi, ubatizo wetu sisi watoto, na moja yenye amekaa peke yake mu salon anatuimbia. Volkeno ya 2002 zilipona juu zilikuwa Bukavu kwa shangazi. Ya 2021, ile siku walisema tutoke mu mji, mama aliacha masufuria ndani ya nyumba akabeba kaseti mu mufuko mpaka Sake. Basi munaelewa vile ziko kwetu.

Sasa nilipeleka kaseti mbili kwa studio moja waniwekee ku DVD, nikalipa dola 10, nikangoja wiki mbili. Ya ubatizo ilitoka na rangi, inaangalika kidogo. Ya harusi ilitoka nyeusi na nyeupe, hakuna ata rangi moja, na zote mbili sura za watu zimekuwa vipande vipande vya mraba mtu akitembea. Kijana wa studio anasema kaseti imezeeka, rangi imekwisha toka, basi. Mama aliangalia dakika mbili akaingia chumbani. Anasema wakati tulikuwa tunaiangalia nyumbani rangi ilikuwako na kitenge yake anaikumbuka.

Ni kweli rangi inaweza toka yote mu kaseti? Na zile 20 zenye zimebaki niziweke ku DVD, ao ku diski ngumu, ao kama mwenzangu mmoja anavyosema Blu-ray juu iko HD? Deki yetu ilikufa zamani. Tena kaseti ine ziko na kitu nyeupe kama unga pembeni ya utepe, sijue ni nini.

Fundi_wa_Kadutu (Bukavu)

Mdogo wangu, pole, na pole sana kwa mama. Kwanza mwambie rangi yake iko mule mule. Utepe ukizeeka rangi inafifia, inatetemeka, picha inaanza michirizi na chengachenga, lakini haiwezi toka yote na kuacha picha safi ya nyeusi na nyeupe. Picha safi bila rangi, hiyo ni mambo ya sistemu, yaani namna kila nchi inaandika rangi ya tele, PAL ao SECAM. Kamera yenye ilipiga harusi ilitoka wapi? Juu Zaire ilikuwa SECAM kama Ufaransa, lakini Ubelgiji ilikuwa PAL, na majirani kama Uganda na Kenya pia PAL, na sisi hapa tulikuwa tunanunua vyombo toka kila upande. PAL na SECAM zote ni mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, njo maana picha inatokea bila shida, lakini namna ya kuandika rangi si moja, basi deki ya PAL peke ikikutana na kaseti ya SECAM inaonyesha picha na rangi inaiacha. Na kuna mtego mwingine wenye mafundi wengi hawaujue: ku kaseti SECAM iko mara mbili, ile ya Ufaransa yenyewe na ile banaita MESECAM, zile deki zilikuwa zinapita Dubai nyingi ziko na MESECAM tu. Kaseti ya kamera ya Paris ukiiweka mule, ni nyeusi na nyeupe tena.

Fanya hivi. Tafuta tele ya zamani ya tako kubwa, multi-sistemu, unga deki moja kwa moja bila kompyuta. Rangi ikitokea ku tele lakini ku kompyuta hapana, basi kosa ni kile kidude cha USB chenye kinaingiza picha, kiliachwa ku PAL, unabadilisha ku programu unaweka SECAM na mambo imeisha. Ku tele pia rangi hakuna, basi deki njo haijue hiyo kaseti, tafuta deki ingine yenye imeandikwa SECAM peke yake mbele, si MESECAM.

Vile vipande vya mraba navyo si vya kaseti. Hiyo naona walikufanyia namna ya VCD, ile diski ya video ya mbele ya DVD, kisha wakaiweka ku DVD. VCD picha yake ni 352 kwa 288, robo tu ya ile 720 kwa 576 yenye DVD inaweza beba. Kaseti ya VHS iko mbaya tayari, ukiipunguza tena unaiua. Waambie warudilie, ao usiwapatie tena.

Ile unga nyeupe ni kuvu. Sikia vizuri: HAPANA WEKA HIZO KASETI INE MU DEKI YOYOTE. Utepe unaweza kukatika, na kuvu inabaki ku vichwa vya deki inaambukiza zile 18 nzima. Uziweke mbali na zingine, pahali pakavu pa hewa, si ku jua. Nitakuambia vile nafanya kama utaniletea.

Mwana_wa_Katindo (Goma)

Mukubwa, aksanti. Nimeuliza mama: kamera ya harusi mjomba aliitoa Paris, ya ubatizo ilikuwa ya mzungu mmoja wa parokia, Mbelgiji. Yaani ni vile vile umesema. Miaka ngapi tungeamini rangi ilikufa.

Mama_Kamalondo (Lubumbashi)

Mimi si fundi lakini mwanangu nakuomba usifanye kama mimi. Mu 2008 tulipelekaka kaseti zetu zote ku DVD, tulikuwa furaha juu bintu byote byenye bilijaza kabati bikawa mu ka-pochi kamoja kadogo, njo tukatupa kaseti. Tulitupa! Leo nusu ya zile DVD hazisome tena. Unaweka, lekta inazunguka, inazunguka, inakuandikia hakuna diski. Kumbe zile DVD za kuandika nyumbani si kama za kununua na filamu ndani, zile zimegandamizwa mu kiwanda, zetu ziko na rangi fulani yenye mwanga inaunguza, na hiyo rangi joto na jua binaiharibu pole pole. Zetu zilikuwa karibu na dirisha. Matanga ya mama yangu ilikuwa mule, na sauti ya papa akimwaga machozi, na sitaiona tena. Kaseti ata ikikuwa na michirizi ungeisoma. Kwa hiyo weka ku diski ngumu, mbili si moja, moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine, na kaseti usizitupe.

Kijana_Himbi (Goma)

Mi njo nilimwambia Blu-ray. Nilifikiri kama Blu-ray ni 1920 kwa 1080 basi picha itakuwa nzuri kuliko DVD. Mukubwa Fundi, si hivyo?

Fundi_wa_Kadutu (Bukavu)

Kijana, kwa filamu ya kununua uko na haki, DVD na Blu-ray ni mbali sana, diski ya Blu-ray inabeba GB 25 ao 50 na DVD ya kawaida 4.7. Lakini pale filamu ilikuwa imepigwa kwa kamera kubwa, wanarudia ku chanzo wanatoa picha mpya. Sisi chanzo chetu ni VHS, na VHS inatoa karibu mistari 240 tu kwa upana, hakuna kitu ingine nyuma yake. Ukitia maji mu mboga sahani inajaa lakini nyama ni ile ile. Afazali nguvu yote uiweke ku kusoma kaseti vizuri: deki nzuri, vichwa safi, kable nzuri. Na kama uko na ile mashini ya zamani ya kurekodi DVD, pitisha picha ndani yake bila kurekodi, kisha itoke kwenda ku kompyuta, mara nyingi inanyoosha picha yenye inacheza cheza. Hiyo ilinisaidia kuliko programu zote.

Kuhusu nafasi: kaseti 22 za saa 3 ni saa 66. Ukichukua namna ya DV, ile ya kutunza video bila kuifinya sana, saa moja inakula karibu GB 13, hiyo ni GB 860 hivi, diski ya tera moja inatosha. Hiyo ni ya kutunza. Ya kuangalia ku simu na kutumia ndugu, toa ingine ndogo ya H.264, ile namna ya kufinya video, na pale usisahau kuondoa ile mistari kama meno ya chanuo, juu VHS inatoa nusu picha 50 kwa sekunde. Lakini ile kubwa usiiguse.

Umeme, ukikatika katikati ya kaseti fichie inaweza kufa, ao utepe unabaki umefungwa ku vichwa. Mimi ninafanya na onduleri na betri, bila hiyo sianze ata.

Na deki mukiziona ku soko musidharau. Kampuni ya mwisho kutengeneza, Funai ya Japani, iliacha mu 2016. Zenye tuko nazo njo zenye zimebaki.

Mwana_wa_Katindo (Goma)

Nimerudi wandugu, imepita mwezi na nusu. Nilishuka na boti mpaka Bukavu na kaseti zote mu sanduku, nilizifunga mu plastiki mbili juu ya maji ya ziwa na nilikataa waziweke karibu na yale mabafle ya boti juu ya sumaku yake, watu walinishangaa. Fundi alizungusha kila kaseti mpaka mwisho na kuirudisha mbele ya kuisoma, alivunja vile vidomo vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake, na kila kaseti mbili alisafisha vichwa na karatasi na alkoli kali, si ile ya 70 ya farmasi juu anasema iko na maji mengi. Zenye kuvu tatu zimesomwa, alizifungua na kuzipangusa polepole kwa deki mbovu yenye anaitumia kwa hiyo kazi tu. Ya ine utepe umeshikana, ameniambia tungoje ikauke zaidi, asilazimishe.

Ya harusi tulianza nayo. Deki ya SECAM, tele ya tako, dakika ya kwanza mistari tu, kisha rangi ikaingia yote mara moja. Nilimupigia mama ku video simu ikiwa mbele ya tele. Kitenge yake ni ya manjano na ndege za bluu. Alisema, "Njo hiyo," kisha akaita jirani.

Diski moja iko hapa kwangu, ya pili imebaki kwa shangazi. Mama Kamalondo, kaseti zote 22 ziko mu kabati, zimesimama, hakuna yenye nimetupa.