Msaada: bajeti yangu ya pande nyingi inatoa jumla za ajabu, na Ijumaa patro (bosi wangu) anataka kuiona

Mwana_Kamalondo
Jambo yenu, wakubwa na wadogo. Mimi ni mhasibu wa nyumba ya biashara hapa Lubumbashi. Tunauza unga, mafuta, sukari na simenti. Tuna depo sita: tatu za mjini, halafu Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa. Zamani kila shefu wa depo aliniletea bajeti yake kwenye Excel, na mwezi wa kumi na moja nilikuwa silali nikiziunganisha. Mwaka huu patro kanunua programu ya kupanga bajeti. Aliyekuja kutufundisha alikaa siku mbili, akataja dimensheni (pande za kugawia namba), hierakia (ngazi za kujumlisha) na mchemraba (jedwali la pande nyingi), akafunga laptopu yake akaenda.

Nimejenga peke yangu. Dimensheni nilizoweka: bidhaa, depo, mwezi, toleo (bajeti, halisi, makadirio), kipimo (mifuko, bei, mauzo, stoki), sarafu, mteja (tunao 400) na kamio, yaani malori yetu (tunazo 30). Sasa angalieni. Stoki ya unga ya mwaka inasoma mifuko 14,400 na ghala letu halibebi hata 2,000. Bei ya unga ukijumlisha Kasumbalesa na Kolwezi inatoka dola 41. Juzi patro akaandika mifuko 6,000 ya simenti kwenye jumla ya mwaka, kujaribu tu, ikajimwaga hadi Kasumbalesa ambako hatujawahi kuuza simenti. Nikachungulia chini nikakuta seli ina mfuko 0.0069! Na kufungua ripoti, unaenda kununua maji unarudi bado inazunguka.

Nisaidieni, bila maneno makubwa.

Fundi_Katuba
Mfuko 0.0069 wa simenti haujengi hata jiko 😂

Yaya_wa_Ruashi
Mdogo wangu, usicheke na hao. Hiyo 0.0069 ndiyo imekueleza ugonjwa wote. Piga hesabu: depo 6 × miezi 12 × wateja 400 × kamio 30 ni seli 864,000, kwa bidhaa moja na sarafu moja. Patro aliandika juu ambako chini hakuna kitu, programu ikagawa sawasawa kila mahali. Ukitaka igawe kwa akili, iambie ifuate uwiano wa mauzo halisi ya mwaka jana. Penye sifuri patabaki sifuri, na Kasumbalesa haitapata simenti ya bure.

Kuhusu uzito wa ripoti: kila dimensheni unayoongeza inazidisha zile zilizopo. Seli nyingi za kwako ni tupu milele, kwa sababu mteja wa Likasi hanunui kwa kamio zote 30. Mimi najiuliza swali moja tu kabla ya kuongeza dimensheni: je, anayepanga anaweza kujibu kwa kiwango hicho? Shefu wa Likasi anajua mwezi wa tatu atauza unga kiasi gani. Mwulize utabebwa na kamio ipi, atakutazama kama mgonjwa. Toa kamio. Wateja wafanye aina nne au tano: maduka ya jumla, mama wa sokoni, wajenzi, hivyo hivyo. Na ukubwa wa mfuko, kilo 25 au 50, usiufanye dimensheni. Hiyo ni sifa ya bidhaa, inakaa pembeni ya jina lake.

Mzee_wa_Daftari
Mimi nimestaafu, ila stoki na bei nitazisema. Mauzo yanatiririka, unayajumlisha Januari hadi Desemba. Stoki ni salio, yaani kilichobaki siku hiyo. Sisi wa SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu wa huku kwetu, tunajumlisha darasa la 6 (gharama) na la 7 (mapato) mwaka mzima, lakini nani amewahi kujumlisha pesa zilizobaki sandukuni Januari na za Februari? Gawanya hiyo 14,400 kwa 12 utapata 1,200, yaani wastani wa stoki ya kila mwezi. Kwenye kipimo cha stoki weka kwamba mwaka unachukua mwezi wa mwisho.

Bei nayo haijumlishwi, na wastani wa kawaida pia unadanganya. Tuseme Kasumbalesa umeuza mifuko 900 kwa dola 18, Kolwezi 100 kwa dola 23. Kujumlisha kunakupa 41 yako. Wastani unakupa 20.50. Ukweli ni mauzo 18,500 gawa kwa mifuko 1,000: dola 18.50. Andika kanuni hiyo, mauzo gawa mifuko, ifanye kazi kila ngazi, kuanzia depo hadi kampuni nzima.

Kolwezi_Barabarani
Hakuna aliyegusa sarafu, na hapo ndipo nilipoumia mimi. Falanga na dola zikiwa chini ya jumla moja, unapata namba isiyo pesa ya nchi yoyote. Tengeneza mchemraba mdogo wa viwango vya kubadilisha pesa: sarafu, mwezi, toleo. Bajeti iwe na kiwango kimoja kilichofungwa, halisi iwe na cha kila mwezi. Ukiona pengo utajua lipi limeletwa na mauzo na lipi limeletwa na dola kupanda.

Depo_Sita
Haya yote ni mtindo mpya wa kuuza laptopu. Excel inatosha.

Yaya_wa_Ruashi
Mtindo gani mpya, kaka? Programu za aina hii ni za zamani: TM1 ilianza 1984, Essbase ikaja 1992. Neno OLAP, yaani kuchambua namba kwa pande nyingi hivi, lililetwa 1993 na Edgar Codd, yule yule wa hifadhidata za jedwali. Karatasi yake hiyo ililipiwa na wenye Essbase, kwa hiyo isome kwa tahadhari, lakini wazo lenyewe ni la kale.

Mwana_Kamalondo
Aksanti sana! Ripoti inafunguka kabla sijakaa vizuri. Stoki imesoma 1,150, nimeenda kuhesabu ghalani, ni kweli. Lakini mauzo yote yametoka mara mbili. Nimepanga depo chini ya miji, na depo zile zile chini ya wasimamizi, vyote chini ya "Kampuni".

Mzee_wa_Daftari
Umejijibu. Depo imepanda juu kwa njia mbili, imehesabiwa mara mbili. Miji iishie kwenye "Kampuni", wasimamizi waishie kwenye kilele chao wenyewe. Namba zikitofautiana kati ya vilele viwili, kuna depo umeisahau upande mmoja.

Mwana_Kamalondo
Zimelingana. Nimemwonyesha patro leo, katazama kimya, kisha kauliza: "Na kamio zangu ziko wapi?"

Yaya_wa_Ruashi
😂 Mchemraba wa pili: kamio, mwezi, toleo, na gharama za mazuti (dizeli), matairi na mpaka. Bidhaa na wateja wasiingie humo hata akikubembeleza.