Wakuu naomba ushauri: nina bunduki ya Mjerumani, haijakamilika

Mwana_Nyangao: Salaam wakuu. Tumebomoa nyumba ya marehemu babu huku Lindi vijijini, tukakuta darini bunduki ndefu imeviringishwa mkeka. Kitako kimeliwa na mchwa. Ubavuni inasomeka "Mod. 71". Ile chuma ya kukokia haipo. Niiuze, niitunze kama kumbukumbu ya ukoo, au niipeleke wapi? Usingizi sipati. Wenye matusi piteni kimya.

Kisu Butu: Babu yangu alikuwa na gobore. Kaenda kuvizia nguruwe waliokuwa wanamaliza mihogo, likapasukia nyuma, likaondoka na vidole viwili. Nguruwe wakaendelea kula. Bibi alimcheka mpaka siku ya kumzika.

Mama Wawili: Bunduki za namna hiyo ndizo zilizowamaliza wazee wetu wa Maji Maji. Wewe unawaza bei. Kweli damu ya mtu haina thamani siku hizi.

Mkoba wa Ramani: Hiyo ni Mauser ya 1871, risasi ya milimita 11, unapiga moja ndipo uweke nyingine. Baruti yake nyeusi. Vita ilipoanza 1914 maaskari wengi wa Mjerumani bado walikuwa nayo, na kila ukifyatua, moshi unamwonyesha adui ulipojificha. Ndiyo maana bunduki walizomnyang'anya Mwingereza pale Tanga mwaka huohuo zilikuwa neema. Na huko kwenu, Mahiwa, Oktoba 1917 walichinjana siku nne. Kuokota moja si ajabu. Ila mkuu, kutu haichomoi chuma ya kukokia. Mkono wa mtu ndio unachomoa. Iko wapi?

Mwana_Nyangao: Si nimesema haipo?

Mkoba wa Ramani: Iko wapi?

Mwana_Nyangao: Haya. Iko kwa fundi wa magobore, kuna kipande kilikatika anakichonga upya. Kuna mteja wa mjini anaitaka ikiwa kamili, ametanguliza laki tatu. Mbili nimeshanunua bati. Kwani kosa liko wapi? Chuma ina zaidi ya miaka mia, risasi zake hakuna, na ni mali ya babu yangu, siyo ya serikali.

Afande Mstaafu: Kijana, ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kituoni hatukuulizi bunduki ina umri gani, tunakuuliza kibali. Mwambie fundi aache leo hii. Mwone mwenyekiti wa kijiji, muongozane kituoni mkaeleze ilivyopatikana. Ukitaka jina la babu lisipotee, ombeni Makumbusho ya Taifa waitazame, au wale wa Maji Maji kule Songea. Hela ya mteja rudisha.

Chawa wa Mtaa: Arudishe bati au laki? 😂

Jicho Kavu: Chai hii, tena haina sukari. Februari ulileta uzi unauliza bei ya rupia za Mjerumani, ukasema babu alikuwa mvuvi Kilwa, hata manati hajawahi kushika. Leo ana Mauser. Kesho utatuletea zebaki nyekundu. Weka picha.

Mwana_Nyangao: Wa Kilwa ni babu mzaa mama! Kamera ya simu imekufa.

Mkoba wa Ramani: Inasimuliwa kuwa 1964, Ujerumani Magharibi ilipowalipa maaskari wake wazee, wasio na vyeti walipewa fagio pale Mwanza wapige kwata kwa amri za Kijerumani. Tukupe fagio?

Chawa wa Mtaa: Huyo mteja ananunua na mikuki? Naulizia rafiki yangu.

Jicho Kavu: Mnaona? Uzi umeshageuka gulio. Mteja na muuzaji ni mtu mmoja.

Mwana_Nyangao: Chekeni tu. Fundi amepiga sasa hivi, kamaliza, anataka kuijaribu. Mteja naye yuko njiani.

Kisu Butu: Muulize fundi ana vidole vingapi.